Upepo Niliomwambia Bibi

Leo asubuhi, hapa Nachingwea nilikopanga chumba, simu za nyumba nzima zimelia kwa pamoja. Ujumbe wa watu wa hali ya hewa: kimbunga kinakuja, walio kwenye nyumba dhaifu wahame mara moja, atakayepuuza anahatarisha maisha yake. Wapangaji wenzangu wamesoma, wakarudi kwenye chai yao. Mimi yangu nimeiacha mezani. Ngoja nikwambie kwa nini.

Nililelewa na bibi yangu kule Nandagala, upande wa Ruangwa. Bibi alikuwa Mmwera haswa. Kiswahili chake kilimtosha kununua chumvi na kumsalimia mwalimu wangu, basi. Jioni, kisamvu chenye ufuta wa kutwanga kikiwa jikoni, tuliweka redio juu ya kinu kilichopinduliwa, nami nikamtafsiria taarifa ya habari kwa Kimwera. Aliniita redio yake. Nikikohoa, alisema betri zinaisha. Sijapendwa hivyo tena.

Walipotangaza kimbunga mara ya kwanza nilikuwa na miaka tisa. Nilimtafsiria kila neno, hadi lile la mapaa kung'olewa. Tulikuwa tumekata ufuta, tukausimamisha shambani matita kwa matita, vichwa juu, ukauke. Ukishakauka, upepo ukiutikisa, mbegu zote zinamwagika chini. Bibi akaamua tuubebe nyumbani ungali mbichi. Tulibeba kutwa nzima, kisha tukahamia shuleni na majirani wachache. Siku tatu tulikaa, na jua likawaka tu, kimbunga kimeishia baharini. Tuliporudi, ufuta wote ulikuwa umeota ukungu. Harufu yake haikutoka kwenye mkeka wangu mwaka mzima. Jirani yetu akaanza kumwita bibi Mama Kimbunga, na shuleni mimi nikawa Kimbunga Mdogo. Bibi alicheka. Mimi sikucheka.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili wakatangaza tena, ufuta ukiwa vilevile shambani. Mtendaji wa kijiji alipita na pikipiki yenye kipaza sauti, koo limemkauka: hiki si kama kile, hiki kinaua, ifikapo adhuhuri kila mtu awe shuleni. Bibi alikuwa uani anapepeta mtama. Akaweka ungo chini, akaniuliza kwa Kimwera chake, "Anasemaje, redio yangu?"

Nilimwona jirani akituchungulia juu ya ua, ameshaanza kutabasamu.

"Anasema kutakuwa na upepo, bibi."

"Mkubwa?"

"Wa kawaida tu."

Aliniamini. Kwa nini asiniamini? Alinituma mashineni nikasage muhogo, akachukua kamba kwenda shambani kuyakaza matita, upepo wa kawaida usije ukayaangusha. Baadaye nilisikia kwamba jirani, yule yule mcheshi, alikuwa wa kwanza kufika shuleni na wanawe.

Mimi kimbunga kilinikuta mashineni. Bati la kwanza liliporuka nikapiga kelele kwamba bibi yuko shamba, na mwenye mashine akanishika kiuno nisitoke. Kilipotulia tulimkuta chini ya ukuta ulioporomoka wa banda la shambani, alikokimbilia kujificha. Kamba ilikuwa bado mkononi. Ufuta wote ulikuwa umemwagika kwenye tope.

Msibani mtendaji alilalamika kwamba yeye alitangaza, ila wazee ni wabishi. Bibi yangu hakuwa mbishi. Nililia, lakini sikumsahihisha, wala sijawahi kumwambia mtu mpaka leo.

Nyumba yetu haipo, shamba wanalima wengine, na wa kuzungumza naye Kimwera sina. Leo nimewagongea wapangaji wote milango mpaka wakakasirika, wakafunga vitu vyao. Kisha nimerudi chumbani, nikausoma ule ujumbe kwa sauti, kwa Kimwera, bila kupunguza neno. Nilipomaliza nikamngoja bibi aulize, kama siku ile.

"Mkubwa, bibi," nikamwambia. "Mkubwa sana. Acha ufuta, twende."