Dakika kumi na paja la mama mkwe, ukoo mzima unatazama

Wakuu, mwangaluka. Mlioamka vibaya mtajijua wenyewe.

Ninachoandika kilitokea, na kovu lipo hadi leo kwenye mguu wa mtu ambaye siwezi kumwomba aje awaonyeshe. Mtaelewa mbele ya safari.

Ni miaka ile ya ruksa. Soko limefunguliwa, wanunuzi binafsi wa pamba wanagombania wakulima, kila mmoja na mizani yake, ushirika umebaki na magodauni matupu. Bariadi yetu ilikuwa bado mkoa wa Shinyanga. Mvua zikapiga mpaka mto Simiyu ukasahau njia yake, vijiji vikaingiwa na maji, na shirika moja la misaada likaja kutafuta watu wa kujitolea.

Nilijitolea kwa sababu ya mabuti. Sitawadanganya eti uzalendo. Ukijiandikisha unapewa mabuti ya mpira na fulana, na mimi nilikuwa nimeoa miezi minne tu nyuma, hata viatu vya harusi vilikuwa vya kuazima.

Training ya first aid tulifanyia kwenye godauni la pamba, siku tatu. Mwalimu alikuwa nesi mmoja wa makamo, mkali kama pilipili kichaa. Mgonjwa wetu wa mazoezi alikuwa gunia la pamba.

Kuhusu damu, nesi alikuwa na wimbo mmoja tu: kitambaa safi, bonyeza kwa nguvu, dakika kumi, usichungulie. Ukifunua kuangalia, umeanza upya.

Gunia halitoi damu, kwa hiyo nilifaulu vizuri sana.

Wiki iliyofuata tukatumwa kugawa mablanketi, kila mmoja kijiji chake, na changu kikawa cha wakwe zangu.

Kwa wasio wa huku: kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawali pamoja, hata kutazamana usoni ni tabu. Mkikutana njiani mmoja anaingia porini. Tangu nioe, mama yule nilikuwa namtambua kwa kanga zake.

Asubuhi hiyo alikuwa anavuta bati la nyumba iliyoanguka. Likamponyoka, likamchana paja juu kidogo ya goti. Nikasikia mayowe, nikakimbia na begi langu la bandeji kama daktari bingwa.

Nikaona damu inaruka. Nikaona ni nani. Nikageuka nikatazama zizi la ng'ombe.

Seriously wakuu. Mtaalamu pekee kijiji kizima, nimempa mgonjwa mgongo.

Nikamrushia baba mkwe kitambaa, nikaanza kumwelekeza huku naongea na ng'ombe. Aweke pale, abonyeze kwa nguvu. Mzee akaitikia vizuri tu. Baada ya muda nikamuuliza hali.

"Bado inatoka."

Nikamwambia aongeze nguvu. Nikasubiri, nikauliza tena. Bado inatoka. Mara ya tatu ndiyo akili ikanijia: huyu mzee anajuaje?

Nikageuka. Mzee alikuwa ananyanyua kitambaa kila baada ya pumzi mbili, anachungulia, anarudisha. Mfugaji huyo, ametibu ng'ombe maisha yake yote, na kidonda cha ng'ombe lazima ukikague. Udongo chini ya mama ulikuwa umelowa, midomo imempauka, na anaomba maji kwa sauti ndogo. Nesi alikuwa ametuambia kiu ya namna hiyo maana yake damu imepungua mno mwilini.

Nikamfikiria mke wangu, nimemwacha mjini. Nitarudi nimwambie mama yake amefia hatua nne nyuma yangu, mimi nikiwa naangalia ndama? Niliogopa, wakuu. Sijawahi kuogopa vile.

Nikamsogeza mzee, nikapiga magoti, nikabonyeza kwa mikono miwili. Mama akajifunika kanga uso mzima. Mimi nikafumba macho, kana kwamba hiyo ingesaidia.

Ukoo wote ukakusanyika. Dakika kumi wamesimama wanatazama mkwe ameshika paja la mama mkwe. Katikati hapo pua ikaniwasha. Sikujikuna.

Damu ikasimama. Tukafunga bandeji, tukampakia kwenye lori la mnunuzi wa pamba hadi hospitali mjini. Akashonwa, akapona.

Aliporudi nyumbani, wazee wakaitisha kikao. Nimevunja mwiko, kwa hiyo nitoe mbuzi wa kusafisha boma. Sikubisha, niliona hata ni nafuu. Ndipo mama akasema kutoka ndani, nyuma ya mlango, taratibu kabisa:

"Mbuzi atoe aliyekuwa anachungulia."

Kikao kikaishia hapo, wazee wanafuta machozi ya kicheko. Baba mkwe alitoa mbuzi kweli. Na paja nikaletewa mimi.

Sasa somo. Watu wakisimulia kisa hiki humcheka mzee, na mimi huwaacha wacheke. Lakini mzee hakuwahi kufundishwa. Aliyefundishwa siku tatu, akapewa na mabuti, alikuwa anatazama zizi. Damu ile yote iliyomwagika mwanzoni iko juu yangu, na inaniuma mpaka leo.

Mama bado yupo. Tukikutana njiani bado anaingia porini kunipisha, anachechemea kidogo.

Haya, uwanja wenu. Mcheke, mtukane, mlete na miiko ya kwenu. Ila kabla hujaandika, jibu kwanza moyoni: ungegeuka dakika ya ngapi?