Jibu Ambalo Padri Meldrum Hakulitoa

Watu wa Portlair walikuwa wakisema kwamba Padri Walter Meldrum alizaliwa akibisha. Eti mkunga alipomwinua hakulia kama watoto wengine, bali alikohoa, kama mtu anayetaka jambo lirekebishwe kwanza. Mkewe, Elspet, alicheka kila aliposikia hayo, ingawa kicheko chake kilikuwa na uchovu wa miaka mingi ndani yake.

Padri alikuwa mtoto wa fundi mapipa, mfupi, mwekundu wa mashavu, mwema kwa wagonjwa na mkali kwa wenye afya. Alikuwa wa kanisa la maaskofu, na katika Uskoti ya wakati ule kanisa lenye nguvu lilikuwa la Wapresbiteri, wasiotaka kusikia hata harufu ya askofu. Hilo peke yake lilitosha kumpa mtu maadui. Padri akaongeza la pili: alikataa kumwapia Mfalme George, kwa kuwa aliamini mfalme wa haki yuko ng'ambo, uhamishoni. "Kiapo si shati," alisema, "hata mtu akibadilishe kila Jumapili."

Vita vya kumrudisha yule mfalme vilipoisha kwa kushindwa, askari walikuja wakalichoma kanisa dogo la Padri, na sheria ikatoka. Padri asiyeapa asisalishe watu zaidi ya wanne, mbali na wa nyumbani mwake. Akizidisha, ni jela. Akirudia, anavushwa bahari kwenda Amerika, wala harudi tena. Jela Padri alishaionja. Kwa hiyo siku za Jumapili wanne waliingia ndani, na waliobaki wakakaa uchochoroni nyuma ya nyumba, katikati ya kamba za kukaushia samaki, huku Elspet akiuacha ubao wa dirisha wazi kiasi cha kiganja ili sauti itoke. Sheria ilihesabu walio ndani ya nyumba. Watu wanaoamua kunyeshewa uchochoroni kwa hiari yao haikuwasema.

Yote hayo Elspet aliyamudu. Kilichomtia hofu ni kalamu. Mumewe hakuweza kuona hoja ikipita bila kuirukia, na kila kijitabu alichochapisha kiliwakumbusha wakubwa wa Aberdeen kwamba bado yuko. Mara nyingine alijiuliza, akimtazama mzee wake ameinamia karatasi na ulimi nje kidogo kama mtoto, kama kuna kitu duniani alichokipenda kuliko kushinda. Hakuwa na hakika kwamba hata yeye Elspet angeupita mtihani huo.

Aliyemjibu Padri kila mara ni Mchungaji Hew Dalgarno, Mpresbiteri wa pale pale kijijini, mrefu kama mlingoti, mjane, aliyekaa kwenye nyumba ya mawe juu kilimani. Walipokutana njiani waligusa kofia zao kidogo tu, kisha kila mmoja akaenda kumchana mwenzake kwa maandishi. Walibishana juu ya maaskofu, juu ya vitabu vya sala, na zaidi ya yote juu ya wafu. Padri alifundisha kwamba marehemu wanapaswa kutajwa kwa majina yao katika sala. Dalgarno akaandika kwamba aliyekufa shauri lake limekwisha, na kumwombea ni kutega ndoano kwenye kikaango.

Portlair ni kijiji cha wavuvi. Unaweza kufikiri jinsi neno hilo lilivyoruka mdomo hadi mdomo. Mwiba ukamkaa Padri kooni. Akatangaza kwamba atamjibu, na kwamba safari hii jibu litakuwa la mwisho.

"Mwache mzee wa watu," Elspet alimwambia. "Kila ukimjibu, jina lako linasomwa na wasiotupenda."

"Nikinyamaza watasema sina jibu."

"Na wakisema hivyo, utapungukiwa nini?"

Padri alimtazama kama samaki aliyeulizwa atapungukiwa nini bila maji.

Jibu lilikuwa limefika nusu wakati homa ya Februari ilipomchukua Grizel, mtoto pekee wa Dalgarno, msichana mchangamfu aliyezoea kumwamkia Elspet barabarani kwa sauti kubwa, baba asikie asisikie. Kijiji kizima kilipanda kumzika. Padri naye alikwenda, akasimama karibu na ukuta wa makaburi, kofia mkononi. Kwa desturi ya Wapresbiteri hapakusemwa neno. Jeneza lilishuka, udongo ukafuata, wanaume wakavaa kofia zao na kuteremkia mkate na bia. Elspet aliona Dalgarno amebaki pale, akitazama huku na huku, kama mtu anayejua amesahau kitu nyumbani ila hakumbuki ni kitu gani.

Jumapili iliyofuata mvua ilikuwa ya theluji. Padri alishafika katikati ya sala Jonet Wishart aliposogea dirishani. Jonet alikuwa muuza samaki, mwanamke aliyembeba mumewe mgongoni kila alfajiri hadi kwenye mashua ili aende baharini na miguu mikavu, na kwa sababu hiyo hakuwa na mwanamume aliyemwona mkubwa.

"Mama Padri," alinong'ona, "kuna mtu kule nyuma hapigi magoti."

Elspet akachungulia. Uchochoro mzima ulikuwa umepiga magoti kwenye tope, isipokuwa mtu mmoja aliyejifunika shuka ya sufu mpaka puani. Amesimama wima. Wanaoomba wamesimama ni Wapresbiteri, hilo hata mtoto wa Portlair analijua.

"Mpelelezi huyo," Jonet alisema. "Nimvike kikapu cha matumbo ya samaki?"

Elspet alikaza macho. Alikuwa ameyatambua yale mabega. Mtu mzima alikumbuka kuficha uso, akasahau magoti, maana magoti hayo hayakuwahi kukunjwa kwa sala maisha yake yote. Mkono wa Elspet ulikuwa juu ya ubao wa dirisha. Kuufunga ndiyo ilikuwa ishara: Padri angenyamaza na watu wangetawanyika. Lakini aliwaza kwamba nyumba ya mawe inatazama paa lao, na kwamba Dalgarno angetaka kuita askari, angewaita Jumapili yoyote ya miaka yote hii. Hakuwahi kuwaita.

"Mwache, Jonet. Magoti yanamsumbua."

Akavuka chumba hadi mezani. Padri alikuwa amefika mahali pa kutaja marehemu. Elspet akamwambia sikioni kwamba Dalgarno yuko nje.

Akauona uso wa mumewe ukiwaka, kama wa askari aliyeonyeshwa lango la adui limeachwa wazi. Uso ule ulimtisha kuliko bunduki. Kisha Padri akauliza polepole, "Peke yake?"

"Peke yake. Kalowa chapachapa."

Padri akaigeukia meza. Akamtaja kaka yake Jonet aliyemezwa na bahari, akawataja wazee wawili wa mwaka uliopita. Halafu akasema, "Na Grizel," sauti ikapanda kidogo kuelekea dirishani. Hakusema binti wa nani. Portlair ina Grizel wengi kama ilivyo na shakwe, na kila mtu uchochoroni alidhani ametajiwa wa kwao.

Elspet alikuwa amesharudi dirishani. Alimwona yule mtu ameshika nguzo ya kamba za samaki, akiinama, akijaribu kushuka, ikamshinda. Akabaki ameinamisha kichwa tu. Baraka ilipotolewa alikuwa ameshakwenda.

Walipokuwa wawili tu, Elspet akapakua mchuzi wa samaki wa moshi. Padri hakuugusa. Zile karatasi zake zilikuwa palepale kando ya bakuli.

"Unajua nimepata nini leo?"

"Najua."

"Nikisema tu kwamba alikuwa hapa, mabishano yamekwisha, Elspet. Miaka yote ile."

"Na yeye amekwisha. Watamvua uchungaji."

"Hilo silifanyi, usiniogope hivyo." Akazisukuma zile karatasi kando. "Lakini hata nisipomtaja. Nikiiandika ile sura ya wafu, ataisoma. Kila mstari atasikia ninamwambia, nilikuona."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sina jibu."

Alisema kama mtu aliyetua mzigo huku mgongo haujanyooka bado. Elspet akaweka kiganja chake shingoni pake, pale nywele zilipokuwa zimekwisha, akakiacha hapo mpaka mchuzi ukapoa.

Kitabu kilitoka wakati wa mavuno, kikali sana juu ya maaskofu, bila neno juu ya wafu. Mpiga chapa akapanda farasi kutoka Aberdeen kuja kuuliza. Wasomaji waliahidiwa, alisema, na sasa nusu yao wanasema Dalgarno ameshinda. Padri ana jibu au hana?

Elspet alikuwa akimimina bia. Akauzuia mtungi hewani. Mashavu ya Padri yaliwiva, shingo ikavimba, mdomo ukafunguka.

"Sina," alisema.

Neno hilo Elspet hakuwahi kulisikia likitoka kinywani mwa mumewe tangu amwoe. Akamaliza kumimina, na bia kiasi ikamwagikia mezani.

Habari zilifika ufukweni kabla ya farasi kufika Aberdeen. Kesho yake Elspet aliposimama mbele ya kikapu cha Jonet, wanawake wengine wakasogea ili wasikose kitu.

"Pole, Mama Padri," Jonet alisema. "Wanasema mzee wako kamezwa na Mchungaji mzimamzima, hata mwiba haukubaki."

"Kamezwa," Elspet alikubali. "Nipe wale wawili wanono."

Wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega, naye akawaacha wacheke. Alipanda kwenda nyumbani na samaki wake kwenye aproni. Akamkuta Padri uani akigombana na jogoo wa jirani aliyeingia kwenye kabichi, akimtajia mipaka ya kiwanja kwa kidole, na jogoo akionekana kuanza kuzidiwa. Elspet akasimama nje ya ua, akasubiri, ili mumewe ashinde kwanza.