Kiyoyozi cha Ijumaa

Watu huniuliza nilisomea wapi urabi, wakitarajia nitaje mji wa maktaba na wazee wenye ndevu ndefu. Nawajibu: Doha, mtaa wa Al Mansoura, chumba cha watu watatu, nikiwa nimelowa jasho chepechepe. Wakicheka, shauri yao.

Nilizaliwa kijiji cha Wayahudi, mashariki mwa Uganda, nikaenda Qatar kulinda majumba kule The Pearl, kisiwa cha matajiri. Mwalimu wangu wa ng'ambo, aliyenifundisha dini kwa simu, aliniambia wazi: usiposhika Sabato ukiwa peke yako, usahau urabi. Nami niliutaka urabi kuliko kula. Basi mchana wa Ijumaa nilishika zamu za Waislamu waende msikitini, nao Jumamosi wakanishikia yangu. Wenzangu chumbani wakaamua mimi ni Msabato. Nikanyamaza. Kusema ni Myahudi, pale? Thubutu! Niliogopa kurudishwa nyumbani mikono mitupu.

Kwetu, jua likizama Ijumaa hatugusi swichi mpaka Jumamosi jioni, wala hatumwagizi mtu atuwashie. Kwa hiyo kila Ijumaa niliwasha kiyoyozi mapema, nikakiacha kikiwaka. Ijumaa moja ya Agosti jua lilizama nikiwa bafuni. Mzanzibari tuliyekaa naye, mtu asiyevumilia umeme upotee bure, akadhani chumba ni kitupu. Akazima kila kitu, akaenda kuswali.

Natoka, joto limeshatanda. Swichi hii hapa, usawa wa bega. Jamani! Nikamlaani Mzanzibari kimoyomoyo, nikakaa kitandani, nikaimba nyimbo za Sabato kwa ukaidi tu.

Aliporudi na mwenzetu Mkenya, walinikuta gizani, fulana imenigandia mwilini.

"Yakhe, umeme umekatika?" Mzanzibari akauliza.

"Haujakatika. Leo ni Sabato, siwashi."

Mkenya akaangua kicheko. "Wacha hizo! Mimi ni Msabato wa kuzaliwa, na AC tunawasha!"

Pa kujificha pakaisha. "Mimi ni Myahudi," nikasema. "Nasomea urabi."

Mzanzibari akawasha kiyoyozi, akasema joto limemshinda yeye, si mimi. Kisha akaketi mbele yangu. "Haya, tueleze. Kujitesa hivi unapata nini?"

Nikawaeleza: siku sita unabonyeza, vitu vinakutii, unajiona bwana. Ya saba unaondoa mkono, ukumbuke dunia ina Mwenyewe.

"Wallahi, hilo nimelielewa," akasema.

Hilo ndilo lililokuwa somo langu la kwanza, na nililitoa vizuri! Kuanzia hapo kila Ijumaa walikaa wakaniuliza maswali, na Mzanzibari akajifanya askari: "Asiguse mtu swichi, siku ya mwenzetu imeingia!"

Miaka baadaye marabi walionitahini waliniuliza kule Doha nilishika Sabato na jumuiya gani. Nikasema, Mwislamu mmoja na Msabato mmoja. Wakanipitisha.

Ijumaa yangu ya kwanza kama rabi, kijijini kwetu, simu ililia kabla ya jua kuzama. Ujumbe wa Mzanzibari, kutoka Doha: "Hongera, Rabi. Umeacha kiyoyozi kinawaka?"

Mlimani kwetu, baridi ile, kiyoyozi cha nini! Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nikamjibu, "Kinawaka," nikazima simu, nikaingia sinagogi kufundisha.