Tonge la Asnakech

Asnakech, jirani yangu hapa Gondar, Ethiopia, alimuuguza mumewe kifua kikuu mpaka akamzika, na yeye mwenyewe hata kikohozi hakikumgusa. Walikula sahani moja, akimlisha injera, mkate wetu laini, kwa mkono, maana kwetu humwambii mtu unampenda kama hujamtia tonge mdomoni. Basi binti yake Bezunesh alipopata ugonjwa ule ule akajifungia chumbani.

"Fungua, mwanangu, nimekuletea chakula."

"Weka hapo nje, mama. Sitaki nikuzike na wewe."

"Baba yako alinikoholea usoni miaka! Nimekufa?"

"Bahati tu hiyo!"

Hospitali ilikuwa ikitafuta watu kama Asnakech, waliokaa na wagonjwa bila kuambukizwa. Akaenda kutoa damu ichunguzwe. Daktari Getnet akamweleza taratibu kwamba jeni hutoa ujumbe, unaoitwa RNA, na ujumbe mwingine ni maelekezo ya kutengeneza protini. Lakini zipo RNA zisizotengeneza protini yoyote. Nyingine kazi yake ni kuziambia jeni za kinga, wewe amka, wewe nyamaza.

"Huenda zako zinaamsha kinga mapema. Huenda sizo. Bado tunatafuta, mama."

Asnakech akauangalia mkono wake. "Nikimlisha kwa mkono huu, zitamwingia?"

Getnet hakucheka. "Hapana, mama. Zinafanya kazi humo humo mwilini mwako. Kinachomponya ni vidonge vyake."

"Na mimi sitaugua?"

"Hilo siwezi kukuapia."

Asnakech alirudi nyumbani polepole, na mimi nikiwa naye. Alikuwa amekwenda kumtafutia mtoto zawadi, sasa anarudi mikono mitupu. Angeweza kudanganya. Akabisha mlango.

"Bezu, nimeuliza. Damu yangu haina cha kukupa. Na kama sitaugua, hawajui."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

"Kukaa."

"Mama... makohozi yangu yamepimwa, yametoka safi, siambukizi tena. Wameniambia hospitali juzi."

"Juzi! Na mimi naongea na mbao?"

"Niliogopa wamekosea."

"Mjinga wewe!" Asnakech akaegemeza paji la uso mlangoni.

Tukasikia dirisha likisukumwa wazi, halafu komeo la mlango likifunguliwa.

"Kaa upande wa dirisha," Bezunesh akasema, huku machozi yakimtoka. "Na ujifunike vizuri. Ukipata mafua, mtaa mzima utasema ni mimi."

Asnakech aliingia upesi, hata viatu hakuvua.