Wiski Yenye Ladha ya Salfa

Jamani, kuna kitu kilikuwa kimeniacha. Leo kimenirudia.

Wiski sijaigusa tangu kabla ya Ramadhani.
Leo nimepita Ruangwa kwa rafiki yangu Hamisi, akanimiminia kidogo.

Funda la kwanza nusura niteme. Salfa tupu, ile dawa ya unga tunayopulizia mikorosho!
Hamisi kacheka mpaka kashika meza.
Mimi moyoni: alhamdulillah, nimeshaikinai.

Hapo ningeaga. Nikajitia ujuaji: "Hebu ongeza, nihakikishe kama kweli ni mbaya."

Mbaya.
Ongeza tena.

Ndipo utamu ukarudi. Taratibu, kama mtu aliyekuwa chumba cha pili akitusikiliza.
Hamisi akaacha kucheka. "Kaka, mbona unaitazama hivyo hiyo chupa?"

Nimefika nyumbani Marambo, mke wangu kanipokea mlangoni.
"Unanuka nini, baba Shadia?"
"Salfa. Nimetoka shamba kupulizia."
Akaugeukia mfuko wa salfa pale barazani. Bado umeshonwa.

Ameukalia mfuko wenyewe, ananingoja.

Nipeni la kumwambia, wenzangu.
Fanyeni haraka, maana ulimi wangu unaiwaza Ruangwa tu.