Mawili ya Ramson, Mawili ya Urban

Lukresia Mapunda hapendi kusifiwa kwa uaminifu. Anasema mtu hasifiwi uaminifu mbele za watu mpaka awe ameshatuhumiwa nyuma yao.

Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mtunza stoo wa matairi katika kampuni ya biashara ya mkoa, hapa Songea, nyakati ambazo tairi halikununuliwa, liliombwa. Mwenye gari aliandika barua, barua ikaenda kwenye kamati, kamati ikatoa kibali, na kibali kikafika dirishani kwa Lukresia. Karibu kila kibali kilisema matairi mawili, hata kama gari lilikuwa na vipara vinne. Mtu alichukua mawili yake, akayafunga pamoja na mawili ya zamani, akaondoka akishukuru. Hakuna aliyepewa manne, awe padri, mfanyabiashara au mkuu wa idara. Lukresia aliipenda kanuni hiyo kwa sababu haikuhitaji maelezo.

Mwaka 1987 yalikuja matairi kumi na manane kwa mkoa mzima. Mawili yalikwenda kwenye pikapu ya mradi wa maji kule Maposeni. Dereva wa pikapu hiyo alikuwa Pankrasi Nyoni, mtoto wa mjomba wake Lukresia. Kamati ndiyo iliyoamua. Yeye alisaini tu kuyatoa. Lakini kamati haikai dirishani, na watu waliona sahihi. Ukazuka msemo mjini kwamba matairi ya Lukresia yanajua ukoo. Kampuni ilipofungwa mwaka 1994, stoo ilikwisha, vibali vilikwisha, na kamati yenyewe ikatawanyika. Msemo ulibaki. Lukresia alikwenda nao Ruhuwiko, pembezoni mwa mji, akafuga kuku wa mayai, na hata wateja wa mayai walimtania kwamba trei za ndugu zake bila shaka zina mayai thelathini na mawili.

Kwa hiyo Machi 1998, waandaaji walipomjia kumwomba asimamie matairi ya mashindano ya magari, alikubali kabla hawajamaliza kueleza. Hakuuliza posho. Alitaka kitu kimoja: agawe matairi mchana, uwanjani, mji mzima ukitazama, ili msemo ule ufe.

Ilikuwa mara ya kwanza raundi ya mashindano ya taifa kuletwa Songea. Njia ilikuwa mpaka Namtumbo na kurudi. Madereva wa Dar es Salaam walisema hawatabeba matairi karibu kilomita elfu moja, wenyeji wayatoe. Wakati huo mji ulikuwa na maduka mawili makubwa ya matairi. Ramson Mwambene, aliyehamia kutoka Tunduma, aliuza matairi ya Asia, ya bei nafuu, yenye meno mafupi. Urban Kinunda, mzaliwa wa hapa, aliuza ya Afrika Kusini, yenye meno marefu, kwa bei karibu mara mbili. Kila mmoja alisema atatoa matairi bure, kwa sharti kwamba yeye mwenyewe achague madereva wa kuwapa.

Ramson alikuja kikaoni na gazeti la michezo. Alieleza kwamba katika yale mashindano makubwa ya Ulaya, ya magari ambayo magurudumu yake yako nje ya bodi, kampuni moja ilikuwa imehodhi matairi kwa miaka kadhaa, na sasa ya pili imeingia, na magari yameongeza kasi. Ushindani ndiyo maendeleo, alisema. Tuliteseka miaka ishirini kwa kukosa ushindani. Urban hakubishia ushindani. Aliuliza tu kama gazeti limesema dereva mwenye tairi baya hufanya nini, zaidi ya kushindwa kabla hajakaa kwenye usukani.

Swali lilikuwa la maana, kwa sababu mvua za mwaka ule zilikuwa hazijakatika tangu Novemba na barabara ya Namtumbo ilikuwa uji mwekundu. Kila mtu alijua meno marefu yatashinda. Madereva ambao Urban hakuwachagua walitishia kujitoa. Mwenyekiti wa maandalizi, Mwalimu Edmund Gama, aliyekuwa amestaafu ili apumzike, alipendekeza wote wapewe aina moja. Ramson akauliza aina ya nani. Vikao vitatu viliishia kwenye swali hilo hilo, na soda.

Lukresia alifika kikao cha nne na daftari. Jambo la kwanza alilofanya ni kusimama na kusema kwamba kati ya madereva wanane waliojiandikisha, mmoja, Pankrasi Nyoni, ni mtoto wa mjomba wake. Mwenye neno alitoe sasa, asingoje matokeo.

Watu walicheka. Pankrasi alikuwa ameingia na Peugeot pikapu ambayo mlango mmoja ulifungwa kwa kamba.

“Mama Mapunda,” Ramson alisema, “hata angekuwa mumeo, gari lile halifiki Namtumbo.”

Lukresia aliomba kicheko hicho kiandikwe kwenye muhtasari kama ridhaa ya kikao. Mwalimu Edmund aliandika.

Kisha akatoa uamuzi wake. Magari ni manane. Kila duka limeleta matairi kumi na sita ya kufunga na machache ya akiba. Kura ya kuwagawa madereva makundi mawili ingewapa wanne meno na wanne ingewanyima, na kura haiponyi dhuluma, inaifanya tu isiwe na mwenyewe. Kwa hiyo kila gari litapata matairi mawili ya Ramson na mawili ya Urban. Dereva ataamua yapi yakae mbele na yapi nyuma, lakini lazima jozi ikae pamoja.

Hesabu ilikaa sawasawa, na hakuna aliyefurahi. Ramson na Urban, ambao hawakuwa wamekubaliana jambo lolote mwaka mzima, walikubaliana kwamba huu ni wendawazimu: mashindano yatakwisha na hakuna atakayejua tairi la nani ni bora. Lukresia aliuliza kama yanayoshindana ni maduka au madereva, maana kwenye tangazo ameona madereva. Dereva wa Subaru kutoka Dar es Salaam, kijana aliyevaa ovaroli safi kuliko shuka za hoteli yake, alisimama akashika kiuno.

“Mama, wewe utavaa kandambili mguu mmoja na buti mguu mwingine?”

“Nimevaa hivyo miaka kumi na mmoja,” alijibu. “Nilikuwa nafika kazini.”

Ugawaji ulifanyika Ijumaa mchana uwanjani, kama alivyotaka. Matairi yalipangwa safu mbili, madereva wakachomoa namba za foleni kutoka kwenye kofia ya polisi wa zamu. Kila tairi lililochukuliwa Lukresia alilipiga chapa ubavuni kwa chuma cha moto chenye tarakimu, kile kile alichotumia stooni, ili lisibadilishwe njiani. Harufu ya mpira ilifika sokoni. Urban alilalamika kwamba anaunguziwa mali. Akajibiwa kwamba tairi la mashindano si la kurudishwa dukani kuuzwa kama jipya. Urban akageuka kuhesabu upya matairi yake, ikaonekana kwamba hayo ndiyo yalikuwa mawazo yake.

Jumamosi saa mbili asubuhi magari yaliondoka, na kufikia saa nne habari zilizorudi zilikuwa za mitaroni. Madereva wa Dar es Salaam walikuwa wamegawanyika. Waliofunga meno marefu mbele walipata usukani mzuri, lakini nyuma iliwakimbia kwenye kila kona. Waliofunga nyuma walisukumwa vizuri mpaka penye kona, wakakunja usukani, na gari likaendelea moja kwa moja kana kwamba halijaambiwa. Subaru iliingia kwenye shamba la mahindi na kutoka upande wa pili, ikarudi barabarani, ikaingia kwenye shamba lililofuata.

Pankrasi alifunga meno nyuma, akateremka miteremko yote kwa gia bila kugusa breki, na kila kona aliianza mapema, pikapu ikiwa imelala upande kidogo. Alikuwa ameendesha hivyo tangu 1982. Hakuwahi kumiliki matairi manne yanayofanana, na baadaye alikiri kwamba kama angepewa angepata shida. Magari matatu yalimaliza. La kwake lilitangulia kwa dakika kumi na moja.

Kabla injini haijapoa, Ramson alikuwa ameshatundika kitambaa dukani kwake kilichosema kwamba tairi lake ndilo lililoongoza gari la ushindi, kwa kuwa lilikuwa mbele. Urban alitundika chake kwamba lake ndilo lililosukuma. Vitambaa vilitazamana kutoka pande mbili za barabara, na vyote vilisema kweli.

Kisha dereva wa Subaru akaleta malalamiko kwa maandishi. Kwanza, mshindi ni ndugu wa msimamizi. Mwalimu Edmund alimsomea muhtasari, pamoja na kicheko. Pili, huenda matairi yalibadilishwa. Lukresia aliagiza pikapu iletwe mbele ya watu, na chapa zote nne zikasomwa kwa sauti dhidi ya daftari. Zililingana. Mzee mmoja aliyekuwa ameegemea ukuta alitikisa kichwa na kusema kwamba hapo ndipo penye shaka. Mambo ya kweli huwa na kasoro kidogo. Watu kadhaa waliitikia.

Lukresia alifunga daftari.

Hoja ya tatu ndiyo iliyomgusa. Kijana wa Subaru, ambaye sasa ovaroli yake ilikuwa ya rangi ya barabara, aliandika kwamba msimamizi alijua madereva wa hapa wamezoea matairi ya mchanganyiko, na wa Dar es Salaam hawajazoea, na kwa hiyo kanuni ilikuwa sawa kwenye karatasi tu. Lukresia aliisoma mara mbili. Hakuwa ameliwaza hilo. Aliposema mawili na mawili alikuwa akifikiria hesabu, wala si Pankrasi. Lakini hakuweza kusema kijana amekosea kabisa, na kwa mtu wa aina yake kutoweza kusema hivyo ni adhabu.

“Tulizoea kwa sababu hatukupewa,” alisema hatimaye, akimtazama kijana na si kikao. “Mlipokuwa na manne sisi tulikuwa na mawili, na hakuna aliyekuja kulalamika kwa niaba yetu. Leo kuzoea shida nako ni wizi?”

Kijana alisema hakutumia neno wizi. Hilo lilikuwa kweli pia. Akaongeza, kwa upole zaidi, kwamba yeye analalamikia kanuni, halalamikii mtu. Lukresia alimwambia kwamba hapa mjini kanuni na mtu wake hawajawahi kutenganishwa, aulize.

Kamati ilikubali matokeo. Pankrasi alipewa kikombe, akakipeleka kwa Lukresia kule Ruhuwiko, naye akamwambia akiondoe haraka kabla jirani hajakiona.

Jumanne asubuhi Ramson alikuja nyumbani. Lukresia alikuwa akiwapa kuku maji. Ramson alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa mara mbili, akasifia kuku, akasifia mji, mwisho akasema anatafuta mtu wa kusimamia stoo yake, na kwamba mtu huyo ni yeye, mshahara mzuri, aanze hata kesho. Lukresia aliuliza kwa nini yeye. Alitegemea kuambiwa kitu fulani, na alikuwa ameshajiandaa kukipokea kwa unyenyekevu.

“Mama, mimi ni mfanyabiashara,” Ramson alisema, akipunguza sauti. “Nimekaa siku tatu natafuta ulipopitia. Sijapaona. Mtu anayeweza kupanga jambo mbele ya mji mzima na chapa zikalingana, simwachii Urban.”

Lukresia alimweleza kwamba hakupanga chochote. Ramson aliitikia kwa heshima, kama mtu anayesikiliza siri ya kazi. Alimweleza tena, polepole, tangu kibali cha 1987. Ramson alisema hata hilo alilisikia, na ndilo lililomvutia.

“Basi niandikie barua ya kazi,” Lukresia alisema. “Uandike kwamba unaniajiri kwa sababu sikuiba.”

Ramson aliwaza kwa uaminifu kabisa. “Nikiandika hivyo, Mama, watu watauliza kwa nini nimelazimika kuandika.”

Kuku walikuwa thelathini na wanne na mayai yalikuwa yameshuka bei, kwa sababu sasa kila mtu Ruhuwiko alifuga. Lukresia alikubali kazi. Barua ilisema ameajiriwa kwa uzoefu.

Yuko hapo mpaka sasa, nyuma ya kaunta ndefu iliyopakwa rangi ya kijani. Bei zimeandikwa ukutani kwa herufi kubwa, matairi yamepangwa mpaka darini, hakuna orodha wala kamati, na mwenye pesa anaondoka na manne, au kumi, bila kuomba. Katika duka hilo hakuna kitu cha kugawa kwa haki. Hata hivyo, karibu kila siku ya mnada mtu huingia kutoka Namtumbo au Maposeni, husubiri wateja wengine watoke, kisha huinama juu ya kaunta na kumwamkia kwa heshima isiyo ya kawaida.

“Shikamoo, Mama. Mimi kwa upande wa mama ni Nyoni.”

“Marahaba,” husema, kwa sauti inayofika barabarani. “Yamejaa. Chagua.”

Wengi hukonyeza jicho na kungoja kidogo, wakidhani maneno hayo ni ya kuzugia, na kwamba matairi yale mengine, ya ndugu, yako nyuma.