Msitu wa Ukoo Ulioandikwa Vichaka

Sijui kama ni haki yangu kuandika habari hii; shule niliishia darasa la saba. Lakini niliyewaongoza watafiti ni mimi.

Walikuja kwetu, mlimani juu ya Matombo, kuhesabu miti. Walisema mlima wetu ni kama kisiwa: kote chini ni kukavu, kwa hiyo kuna miti iliyobaki huku tu. Walizungushia kamba eneo la mraba, kila mti uliomo wakaupigilia kibati chenye namba, wakachora uliposimama. Miti mingine, wakanieleza, haitawanyiki. Hukaa kundi moja, mahali pamoja.

Mahali pa namna hiyo nilipajua pamoja. Ni kijisitu cha ukoo wa mama yangu, kule bondeni kwenye makaburi na matambiko. Mgeni haingii bila ruhusa ya mjomba. Nikamwendea.

"Shikamoo mjomba. Wanataka kupima na kule."

"Marahaba. Wakapime makaburi ya kwao. Na wewe usijitie bwana misitu."

Kiongozi wa watafiti, mama mmoja mpole, aliniuliza mara mbili: "Kaka, kule bondeni kuna nini?" Mara mbili nikamjibu vichaka tu. Aliandika nilivyosema. Simlaumu.

Mwaka jana kijiji kikagawa maeneo ya kulima na ya kuhifadhi. Mwenyekiti akatandaza ramani ya wale watafiti. Nikasimama, nikasema pale bondeni pana miti ambayo haiko kwingine.

"Hapa pameandikwa vichaka," akasema. "Aliyewaonyesha njia nani, mzee? Si wewe?"

Watu wakacheka. Mjomba alikuwa benchi la mbele, hakufungua mdomo. Labda aliona aibu. Labda alinisubiri niseme kwamba ni yeye aliyekataa, nami sikusema. Nikakaa.

Bonde likawekwa upande wa kulima. Waliokata miti ni watoto wa dada zangu. Ardhi ni ya ukoo wao, maana kwetu ukoo hufuata mama, na wana watoto wa kulisha. Makaburi hawakuyagusa, hilo niwape haki yao.

Juzi nikaenda kule bondeni na daftari, niandike angalau miti iliyokuwapo. Visiki vipo, lakini mimi mti huujua kwa majani na maua. Kisiki kimoja nilikiandika, nikafuta, nikaandika jina lingine, nalo nikalifuta.

Mpwa wangu aliyekuwa akipanda tangawizi akainua kichwa. "Mjomba, hicho kilikuwa mti gani?"

Nikampa daftari aone majina mawili niliyoyafuta.